Bi Mkubwa na Wafalme wa Ukutani

Mwanamke aliyeingia kliniki asubuhi ile alikuwa amevaa miwani ya jua, na jua lenyewe halikuwepo. Kitambaa cha kichwani alikuwa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Alimwambia dada wa mapokezi kwamba jino linamuua, kisha akaketi na kunyoosha shingo kuchungulia chumba cha daktari kwa uchangamfu ambao mtu anayeuawa na jino hana.

"Jina lako, mama?" dada wa mapokezi aliuliza.

"Andika mgonjwa."

"Mgonjwa nani?"

"Mgonjwa wa jino. Kwani hapa mnatibu majina?"

Kutoka ndani daktari aliyasikia hayo, akacheka peke yake huku akivaa glavu. Mtaa mzima ulimwita Daktari Taji, na sababu zilikuwa mbili. Kwanza, alikuwa hodari wa kuvisha taji meno yaliyovunjika, zile kofia ngumu zinazolirudishia jino sura yake. Sababu ya pili ilikuwa ukutani. Madaktari wengine wa meno hubandika mabango ya miswaki na dawa. Huyu alibandika wafalme. Zilikuwa picha za kale, mafundi wamezichonga kwenye mabamba ya shaba na kuzipiga chapa kwenye karatasi nzito, enzi ambazo hakuna aliyeota kamera. Malkia wakitawazwa. Wana wa wafalme wakioa. Wapiga tarumbeta juu ya farasi, na wabeba ngao zenye nembo za koo kubwa: simba aliyesimama kwa miguu miwili, tai mwenye vichwa viwili. Alianza kuzikusanya akiwa mwanafunzi, moja moja, kwa kujinyima. Wagonjwa wake walizipenda, maana mtu akikodolea macho malkia anayevishwa taji huisahau sindano.

"Mwambie aingie," alisema.

Mwanamke akaingia. Akavua miwani ili aone vizuri, na hapo ndipo alipojifichua mwenyewe.  Macho yale Daktari Taji aliyajua. Moja lilikuwa wazi kabisa, na la kushoto lilikuwa limelegea kidogo, kana kwamba bado lina usingizi. Alikuwa ameyatazama macho kama yale kwa mwaka mzima, kwenye uso wa mwanaume aliyempenda.

Mwanaume huyo alikuwa mpima ardhi, na watu walimwita Mpima tu. Naye siku ya kwanza aliingia kliniki hapo akilalamika jino. Daktari alimkagua kila pembe asikute kitu.

"Meno yako ni mazima kama ya tangazo," alimwambia. "Hebu sema, umefuata nini?"

Mpima alinyoosha kidole ukutani, penye picha ndefu kuliko zote, msafara wa kutawazwa kwa malkia, farasi na tarumbeta na mabibi wanaobeba mkia wa joho lake. "Nimemfuata yule. Picha hiyo ilikuwa ya marehemu baba."

Ndipo Daktari alipojua kwamba sehemu kubwa ya picha alizonunua mwaka ule kwenye duka la vitu vya kale ilitoka nyumba moja. Baba mtu alifariki, na matanga yalipokwisha tu, mjane wake akamwita mwenye duka. "Beba," alimwambia. "Beba zote, na misumari yake." Daktari alidhani kijana amekuja kuzidai. Lakini Mpima alisema, "Naomba kuitazama tu. Dakika moja."

"Dakika moja haitoshi picha hiyo," Daktari alimjibu. "Njoo jioni nikishafunga, tutazame wote."

Basi wakatazama wote, jioni baada ya jioni, mpaka ikafika wakati picha iko mbele yao na wao wanatazamana. Mpima alipomwomba amuoe, Daktari alimshika mkono akasema, "Nataka, tena sana. Lakini siingii kwenye familia ya watu kwa kunyatia. Mama yako akinipokea, nitakujibu."

Na mama mtu, ambaye mwanawe na majirani walimwita Bi Mkubwa, alikataa hata kumwona. "Mwanamke anayeokota nilichotupa?" alisema. "Ana macho huyo au ana mashimo?"

Leo Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake, amejitia ugonjwa.

"Shikamoo, mama. Karibu kwenye kiti."

"Marahaba." Bi Mkubwa alikaa. Kiti kilipolazwa nyuma, uso wake ulielekea moja kwa moja kwenye ule msafara mrefu wa malkia. Vidole vyake vikaishika mikono ya kiti.

"Linauma jino gani?"

"Hili. Hapana, lile."

"La juu au la chini?"

"Yote."

Familia hii, Daktari alisema moyoni. Akawasha taa, akaingiza kioo chake kidogo mdomoni. Alitaka kumaliza upesi, aseme meno ni mazima kama ya mwanawe. Lakini alipofika nyuma kabisa, upande wa kulia chini, kioo kilisimama. Akaligusa gego kwa ncha ya chuma.

"Aaai!" Bi Mkubwa aliruka.

"Kumbe linauma kweli!"

"Kwani nilikwambia linacheza?"

"Mama, hili limeoza mpaka kwenye mzizi. Lina usaha. Limeanza lini?"

Bi Mkubwa alifikiri. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tangu mume wangu afe. Nilidhani ni huzuni."

Daktari hakucheka. Alimpima presha, akampiga eksirei, akamweleza kwamba halizibiki tena, dawa yake ni kung'olewa. Bi Mkubwa alitikisa kichwa kukubali, maana maumivu sasa yalikuwa yameamshwa na hayakutaka kulala tena. Sindano ya ganzi ikaingia.

"Tusubiri taya life ganzi," alisema Daktari. "Baadaye ukiumia, au ukitaka niache, inua mkono."

Alisogeza kigoda akaketi mbele yake. Akavua barakoa, ili asizungumze naye amejificha.

"Mama, nakujua. Una macho ya mwanao."

Bi Mkubwa alitaka kujibu. Ulimi uligoma, ukatoka mlio tu.

"Usiseme, utajing'ata. Acha niseme mimi. Ukichoka kunisikia, inua mkono. Nitanyamaza, nitang'oa jino, nawe utaenda zako bila neno lingine kutoka kwangu."

Bi Mkubwa alimkazia lile jicho moja lililo wazi. Mkono ulibaki mapajani.

"Nampenda mwanao. Si kwa sababu ya baba yake wala picha za baba yake. Nampenda kwa kuwa akiingia chumbani huuliza kwanza kama nimekula. Nampenda kwa kuwa akikosea husema nimekosea, hatafuti wa kumbandika kosa." Akaonyesha ukuta kwa kichwa. "Najua unazichukia hizi picha. Kwa nini, sijui. Nikimuuliza yeye, husema tu zinakukumbusha marehemu. Sitakudanganya kwamba nitaziuza, mama. Nilikuja mji huu sina ndugu wala rafiki, na jioni zangu zilikuwa hizi. Lakini pia sitaki kumchukua mwanao kama mtu anayeiba nguo kwenye kamba."

Mkono ulikuwa bado mapajani.

"Jumamosi tunazitundika maktaba, watu wazione bure. Hii ni mara ya kwanza kwangu, na naogopa. Naomba uje, mama. Si kuja kusalimiwa na kukalishwa kiti cha mbele. Njoo tutazame pamoja."

Bi Mkubwa akainua mkono.

Ulipanda juu, ukatetemeka, ukasimama pale. Daktari Taji alihisi kama ndiye aliyechomwa sindano. Lakini ahadi ni deni. Alivaa barakoa, akashika koleo, na hakutamka neno tena isipokuwa "fungua" na "vumilia kidogo". Jino lilitoka zima. Akaweka pamba, akakiinua kiti.

"Uma hapo. Usiongee."

Bi Mkubwa aliongea. "Unajua marehemu alikuwaje?" Maneno yalitoka yakiburuta mguu mmoja. "Alijua jina la kila farasi kwenye hiyo picha. Farasi! Siku moja nikamuuliza, gauni langu la harusi lilikuwa rangi gani? Akasema jeupe." Akajipiga kifua. "Lilikuwa la samawati! Nilishona mwenyewe!"

"Mama, pamba..."

"Achana na pamba! Mwanamke mzima nimeishi nyumba moja na malkia ambaye hata hafui. Nimemzika mume wangu, nikasema sasa nimeachana na wafalme. Halafu mwanangu ananiletea wewe! Sikiliza. Ziuze. Ukiziuza nitakuita mwanangu leo hii, kwenye kiti hiki hiki. Usipoziuza, mimi na wewe hatujuani."

Mlango ukafunguliwa. Mpima aliingia amekumbatia maboksi na kamba, kwani walikuwa wamepanga kuanza kuzifunga picha siku hiyo. Aliwatazama wote wawili.

"Bi Mkubwa? Umefuata nini huku?"

"Jino."

"Na hiyo miwani?"

"Jua."

Wote watatu wakatazama dirishani, kwenye mawingu mazito ya asubuhi ile. 

"Umekuja wakati mzuri," Bi Mkubwa alisema. "Mwambie mchumba wako achague, wafalme wake au mimi."

Daktari alimtazama Mpima. Alimjua, na alijua anavyolainika mbele ya mama yake kama mkate ndani ya chai. Mara ngapi wameahirisha chakula, safari, hata sikukuu yake ya kuzaliwa, kwa sababu Bi Mkubwa kakohoa? Angeweza kumsaidia sasa, kuchomeka neno la kupoza. Hakumsaidia. Alikunja mikono akangoja, na macho yake yakasema, leo ni zamu yako.

Mpima aliyaweka maboksi chini polepole.

"Sitamwambia hivyo, Bi Mkubwa."

"Umesemaje?"

"Nimesema sitamwambia. Wewe ndiye uliyenifunza nikiwa mdogo, usimnyang'anye mwenzio anachokipenda halafu ukajiita rafiki yake. Nakumbuka na kofi lenyewe." Akageukia msafara wa malkia. "Baba aliwaweka hawa wafalme kati yako na yeye. Nilikuwa mtoto lakini niliona. Mimi na huyu hawajatutenga, wao ndio waliotukutanisha. Usiponibariki leo, nitasubiri. Nitakuja kukusalimia kila siku kama kawaida, nitabeba mitungi yako ya gesi, nitanuniwa. Ila nitasubiri nikiwa upande wake."

"Kwa hiyo nimezaa, nimelea, nimesomesha, ili uje uwe mbeba fremu?"

"Ndiyo, mama. Na leo naanza na zile kubwa."

Bi Mkubwa alisimama. Alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. Alifika mlangoni, na Daktari akamfuata na pakiti ya dawa.

"Leo usisukutue, usinywe cha moto. Na usigombe, mama, damu haitakata."

"Nitagomba kesho," alijibu Bi Mkubwa, akatoka.

Walibaki wawili na harufu ya dawa. Mpima alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia, kama mtu aliyeshusha mzigo na bado hajaamini.

"Nimekosea?" aliuliza.

Daktari Taji alimwendea, akaweka paji la uso wake kifuani pake.  "Hujakosea."

"Nilidhani nitaanguka."

"Nilikuona. Hukuanguka."

Mpima alimwinua kidevu. Wakatazamana kwa karibu, na jicho la kushoto lenye usingizi lilikuwa macho kabisa siku hiyo. "Basi nijibu," alinong'ona. "Nijibu sasa hivi. Nimeshamaliza uoga wote niliokuwa nao."

"Jibu lipo. Lipo kooni hapa, linanikaba. Lakini nikilitoa leo litakuwa limetoka kwenye ugomvi, na tutakuwa tumeoana kwa kumkomoa mtu. Nivumilie."

Mpima alifunga macho, akatabasamu kwa uchungu. "Nimezaliwa katikati ya wanawake wagumu," alisema. Akaokota kamba, wakaanza kuwashusha wafalme.

Jumamosi mchana ukumbi wa maktaba ulikuwa haujapata kuonekana hivyo. Picha zilitanda kuta zote mbili, na msafara mrefu wa malkia ulishika ukuta wa mwisho peke yake. Mkutubi, mwanamke mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuwa amepita mara kwa mara akinyoosha fremu ambazo hazikupinda. Watu walikuja. Walikuja wagonjwa wa Daktari na meno yao mapya, wakaja wapima ardhi wenzake Mpima, wakaja majirani waliosikia kuna kitu cha bure. Akaja na muuza nyama wa kona, amevaa koti.

Daktari Taji alivaa gauni la kijani alilolipiga pasi mara mbili. Alitakiwa kusema maneno ya kufungua. Aliyajua. Lakini kila alipofungua mdomo macho yake yalikwenda mlangoni, na maneno yakapotea.

"Haji," alimnong'oneza Mpima.

"Jana nilikwenda kumsalimia. Alinipa chai hakunipa sukari."

"Ndiyo kusema?"

"Sijui. Akikasirika sana hanipi hata chai."

Daktari alicheka bila kutaka, na kicheko kile kikamfungua koo. Alisimama mbele za watu, akawaeleza jinsi fundi alivyoinamia shaba siku nyingi ili mstari mmoja ukae sawa, na jinsi watu wa zamani walivyonunua picha hizi ili na wao waseme walikuwepo siku ya kutawazwa. Akawaonyesha wapiga mbiu wa mfalme, na nembo zilizoshonwa kwenye nguo zao ili hata asiyejua kusoma ajue huyu ni mtu wa ukoo gani.

"Kama jezi," alisema muuza nyama.

"Kama jezi kabisa," alijibu Daktari, na ukumbi ukacheka.

Watu walitawanyika kutazama. Ndipo alipomwona. Bi Mkubwa alikuwa amesimama peke yake mbele ya msafara wa malkia. Hakuwa na miwani. Shavu la kulia lilikuwa bado limevimba, na alikuwa amevaa gauni la samawati lenye mishono ya zamani kiunoni, limeongezwa kitambaa ubavuni ili limtoshe.

Daktari alimkaribia taratibu, akasimama kando yake.

"Umekuja, mama."

"Umeniita."

 Kisha Bi Mkubwa akasema bila kugeuza uso, "Unajua, marehemu hakuniita hata siku moja. Alimwita mwanangu. Aliwaita wageni. Hata fundi wa bomba aliitwa aje aone farasi. Mimi niliitwa nilete chai. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, namsikia akieleza. Nimezijua picha zote hizi kwa masikio."

Daktari alimsogelea zaidi.

"Siku ile kwenye kiti chako ukasema njoo tutazame pamoja." Bi Mkubwa alipangusa pua kwa ncha ya kitambaa. "Nikainua mkono uninyamazie. Kilio kilikuwa kimenifika hapa, na mdomo wote umekufa ganzi. Nikasema nikilia sasa nitalia kama punda, mbele ya huyu mtoto ninayemchukia. Bora ang'oe."

"Mimi nilidhani umenikataa."

"Nilikuwa nimekukataa pia. Mtu anaweza kufanya mambo mawili." Aliisogelea picha, akainama. "Nilidhani nikiziuza nyumba itapumua. Haikupumua. Ilinyamaza tu, nikabaki na jino." Kisha akakunja uso. "Huyu anacheka nini?"

"Nani?"

"Huyu binti. Wa mwisho, anayebeba mkia wa joho. Marehemu kaeleza farasi, kaeleza tarumbeta, kaeleza ngao. Huyu hakumtaja kamwe. Tazama, anajizuia, lakini anacheka."

Daktari Taji aliinama naye. Mwaka mzima alikuwa ameitazama picha ile, na kweli, pale nyuma kabisa, fundi alikuwa amechonga msichana aliyebana midomo, shavu limepanda.

"Sijawahi kumwona," alisema kwa mshangao. "Mama, sijawahi kumwona kabisa!"

"Anamcheka mwenzake. Huyu wa mbele yake kiatu kimembana. Ona anavyokanyaga kwa upande. Msafara wote huo, dhahabu yote hiyo, na mtu anawaza kiatu!"

"Wapi?" muuza nyama aliuliza nyuma yao.

"Hapa, baba. Sogea. Usiguse."

Wakasogea na wengine. Bi Mkubwa aligeuka akakuta duara la nyuso zinamtazama, na kwa mara ya kwanza alionekana kusita. Daktari akarudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi. "Endelea, mama," alisema. "Tunakusikiliza."

Basi Bi Mkubwa akaanza. Alianza na yale aliyoyasikia kutoka jikoni, akataja farasi wa mbele na jina lake, akaeleza kwa nini mpiga ngoma haruhusiwi kutazama nyuma. Kisha akaingiza yake. Huyu mzee mwenye ngao ana usingizi. Huyu mwana wa mfalme kavalishwa nguo za kakake, tazama mikono ilivyozidi. Bibi harusi huyu kaambiwa atabasamu, na mama mkwe yule pale nyuma kaambiwa asinune, wote wawili wameshindwa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Alihama picha hadi picha, na umati ukamfuata kama alivyofuatwa malkia ukutani. Sauti yake ilipanda ikajaa ukumbi, shavu lake limevimba na gauni lake linang'aa chini ya taa. Mpima alisimama pembeni amefunika mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka, maana hakuwa amemsikia mama yake akicheka namna ile tangu awe na akili.

Alipofika picha ya mwisho, wakampigia makofi. Mwanamke mmoja mwenye kilemba akauliza, "Mama, picha zote hizi ni zako?"

"Zilikuwa nyumbani kwangu. Mwenyewe ni yule pale, wa gauni la kijani." Bi Mkubwa alimnyooshea mkono Daktari Taji, na safari hii mkono haukutetemeka. "Mkwe wangu."

 Mpima alikuja akipenya katikati ya watu.

"Bi Mkubwa, umesemaje?"

"Umesikia. Sikukuzaa na masikio mabovu."

"Lakini... huyu hajanijibu bado."

"Hajakujibu!" Bi Mkubwa aligeuka. "Mwaka mzima? Binti, unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe, mama."

Jicho lililo wazi lilijaa maji, na lile la usingizi likafuata. Bi Mkubwa alimshika Daktari mikono yote miwili, akamvuta, akamkumbatia kwa shavu lile zima. "Mimi nimefika," alisema sikioni mwake. "Na usiuze hata moja. Unasikia? Ukiuza hata moja nitakuja na koleo." Akamwachia, akamgeuza kwa mabega mpaka akatazamana na Mpima. "Haya. Muulize tena, wewe. Ukiwa umesimama vizuri."

Mpima alipangusa uso kwa mkono wa shati. Hakuwa na pete wala hotuba. Alikuwa na macho yale tu, na Daktari Taji aliyatazama akaona kwamba hakuna mfalme ukutani pale aliyewahi kutazamwa hivyo siku ya kutawazwa kwake.

"Utanioa?" Mpima aliuliza, akajikanyaga mwenyewe, akasahihisha. "Yaani, utaolewa na mimi?"

"Vyote viwili," alijibu. "Ndiyo."

"Sema kwa sauti," Bi Mkubwa aliamuru. "Wa nyuma hawajasikia."

Daktari Taji alivuta pumzi mpaka gauni likabana. "Nimekubali!" alipaza sauti, ikagonga dari la maktaba ikarudi. "Nimekubali kuolewa naye!"

Mpima alimnyanyua juu, viatu vikamtoka. Muuza nyama akavua koti akalizungusha hewani. Na mkutubi, yule aliyetumia maisha yake yote ya kazi kuwanyamazisha watu ndani ya ukumbi ule, alitupa funguo zake mezani, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kilichofungua njia kwa vingine vyote.